Vidonge vya Maji vya Baba Mkwe

Baba,

Shikamoo. Hii ni shikamoo yangu ya kwanza kwako, na najua huko uliko utashangaa mkamwana wako amepata wapi ujasiri. Nimeishi uani kwako miaka mingi, nimezaa watoto wangu wote hapo, na sikuwahi kukuambia neno hata moja. Nikikusikia unakuja, nilikuwa nakimbia. Ndivyo nilivyofundwa kwetu kabla ya kuolewa: baba mkwe haangaliwi, hasemeshwi, wala hakutwi njiani. Ukutila, ndivyo wazee wa Kinyakyusa wanavyoiita heshima hiyo, na mimi sikuifanyia mzaha.

Sasa umeshafariki, na nadhani marehemu anaweza kuandikiwa. Nilimuuliza mchungaji kwa kuzungukazunguka, bila kukutaja, akasema wafu hawasomi barua. Sikumwamini sana. Ni huyo huyo aliyetuhakikishia kwamba wanunuzi binafsi wakiruhusiwa bei ya kahawa itapanda.

Nakuandikia kwa sababu ya mwanao. Baba Lugano ana ugonjwa wako. Alipimwa hospitali mjini Tukuyu, wakasema presha iko juu na moyo umepanuka, wakampa vidonge vya aina mbili kama ulivyopewa wewe, kile cha moyo na kile cha maji kinachompeleka mtu chooni kila mara. Na kama wewe, aliviacha akawa anaficha. Mimi nikamgundua. Nitakueleza nilivyomgundua, lakini kwanza niseme ya kwetu, mimi na wewe, maana bila hayo hili la mwanao halieleweki.

Unakumbuka ua ulivyokaa. Nyumba yenu juu, yetu chini, jiko langu katikati, na choo nyuma ya jiko. Mama, mkeo, anasema zamani isingekuwa hivyo. Vijana walikuwa wanakwenda kujenga kijiji chao wenyewe, mbali na baba zao, na mke akaishi humo bila kukutana na mkwe ila kwa nadra. Lakini Kawetele ya siku hizi ina nafasi gani? Kila kipande ni migomba au chai. Baba Lugano alipotaka kujenga ulimkatia hapo hapo uani, na heshima ikabidi ibanane nasi. Tukaizoea. Wewe ukifika kwenye kona ya zizi ulikuwa unakohoa kidogo, mimi naacha nilichoshika, nazunguka nyuma ya migomba, unapita. Haikuwa kazi kubwa, na sikuwahi kulalamika.

Kisha ukaanza kuugua. Pumzi yako nilikuwa naisikia ukiwa bado uko kwenye mteremko. Mwanao akakupeleka hospitali, mkarudi na vidonge. Nesi mmoja aliyehamia kutoka Singida alikuwa amekuambia ule ndizi kwa wingi, kwa kuwa ile dawa ya maji inatoa nguvu mwilini. Mama alicheka mpaka akakaa chini. Mtu wa Rungwe anakwenda hospitali kuambiwa ale ndizi. Mimi nilikuwa nyuma ya ukuta, nikacheka na mkono mdomoni.

Hicho ndicho kicheko chetu cha mwisho kuhusu zile dawa. Kuanzia hapo ukawa unakwenda, unarudi, hujakaa vizuri, unakwenda tena. Na mimi ndani, nje, ndani, nje. Uji ukaungua. Ng'ombe akanipiga teke kwa kuwa nilimwachia chuchu ghafla katikati ya kukamua. Mvua yetu nayo unaijua, haimuulizi mtu kama yuko tayari. Nilisimama kwenye migomba nikiloa, nikikungoja urudi, nikirudi jikoni moto umezimika, nikiupuliza tu nasikia unakohoa tena.

Mimi, Baba, nilizishuku zile dawa tangu mwanzo. Tangu biashara iachiwe huru, maduka ya dawa yaliota pale stendi kama magugu. Hospitali wakisema zimekwisha, Baba Lugano anakwenda kununua huko. Mara kidonge ni cheupe, mara kina rangi nyingine, kimefungwa kwenye kipande cha gazeti, na muuzaji ni kijana ambaye juzi alikuwa anauza betri za redio. Nilimuuliza Baba Lugano nani kamhakikishia kwamba ile si chaki. Akanijibu kwamba mimi ningelishuku hata jua likichomoza mapema. Sikubishana naye, ila niliendelea kushuku.

Kile cha moyo nacho kikaleta ya kwake. Sahani zikaanza kurudi jikoni kama zilivyoondoka. Ndizi hujagusa, nyama hujagusa. Maziwa unayaonja unayaweka kando, ukamwambia Mama yana rangi ya njano. Mama akayatazama, meupe. Ukasema hata shuka ni la njano, hata ukuta. Sasa nimeelezwa kwamba dawa ile ikizidi mwilini macho huona hivyo na tumbo hukataa chakula, na kwamba siku ile ile ulipaswa kurudishwa hospitali. Wakati ule hakuna aliyejua. Na maziwa yale aliyakamua nani? Chakula alipika nani? Wifi yangu Tulinagwe alikuja kutoka Ibighi kukuona, akaingia jikoni kwangu, akainama juu ya sufuria akanusa. Alipopewa chai alikisuuza kikombe upya, mbele yangu, kisha ndipo akanywa. Tangu siku hiyo Mama akawa anaonja chakula chako kwanza.

Kuna jambo nimetaka kukuuliza miaka yote hii, na najua hutanijibu. Wewe nawe ulinishuku? Sahani inarudi na mimi sikuoni uso, ningejuaje? Mwingine angeweza kuingia, akakaa karibu nawe, akasema, baba, kula kidogo. Mimi nilikuwa naisikiliza sahani tu inavyowekwa chini.

Halafu nikaanguka. Nilikuwa na mimba ya Ipyana, kubwa, na nimeshika sufuria ya maharage. Ukakohoa kwenye kona, nikageuka kwa haraka, mguu ukateleza kwenye matope, nikaenda chini na sufuria yangu. Maji ya moto yakanipata mguuni. Nilipoinua macho niliona viatu vyako vya mvua vimesimama, kisha vikageuka, ukanipa mgongo. Hukuweza kuja kuniinua. Mimi sikuweza kukuomba. Tulikaa hivyo, wewe umesimama, mimi nimelala, hata sijui kwa muda gani. Ndipo ukamwita Mama, kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwako, sauti ya mtu anayelia. Mama akaja mbio akaninyanyua. Mtoto hakudhurika, na mguu ulipona ukaacha alama.

Baada ya siku ile ukawa hupiti sana. Asubuhi kidogo, jioni kidogo, basi. Nikajiambia kwamba dawa imeshinda, maji yamekwisha mwilini. Nilifurahi, Baba. Nilipika bila kuchungulia mlangoni. Nilimwambia Baba Lugano aliporudi kutoka Suma, alikokuwa anafundisha wakati ule, kwamba baba yake anaendelea vizuri.

Hukuwa unaendelea vizuri. Miguu ikavimba mpaka viatu vikakataa. Ukaacha kulala, ukawa unakaa kitandani umeegemea ukuta, na pumzi yako nikaisikia tena, safari hii kutoka jikoni kwangu, mlango ukiwa umefungwa. Wakasema wakupeleke hospitali Jumatatu. Jumapili, watu wakiwa kanisani, ukafariki.

Msibani Tulinagwe alisema maneno yake kwa sauti ya kawaida, kama anayeulizia chumvi: "Mtu anatibiwa, dawa anameza kila siku, halafu anakufa? Hapo kuna mkono." Hakunitaja. Haikuhitajika. Matanga yote, chakula nilichopakua mimi hakikuchukuliwa na mtu. Nilipakua, kikakaa. Jirani akapakua kutoka sufuria ile ile, kikaliwa.

Mwanao hakuwahi kunishtaki kwa mdomo. Lakini kwa muda mrefu alikuwa anangoja watoto waanze kula ndipo naye anyooshe mkono. Mtu anayeshukiwa huyaona mambo kama hayo. Niliyaona nikanyamaza, kwa sababu nitajitetea na nini? Nami nilikuwa sijui kilichokuua. Kuna siku nilijishuku mwenyewe, nikafikiri labda sufuria ina kutu, labda ng'ombe alikula jani baya.

Sasa nikufikishe kwa Baba Lugano. Amehamishiwa shule ya hapa karibu, anarudi nyumbani kila siku. Dawa zilipoanza zilimwonea, sikatai. Alikuwa anatoka darasani kila mara, watoto wakaanza kumcheka. Siku moja aliinuka kitini kizunguzungu kikampiga, akaushika ubao mbele ya darasa zima. Na kuna mambo mengine ya chumbani ambayo mkwe haambiwi. Alinuna. Akaanza kusema kwamba kabla ya dawa alikuwa mzima, na kwamba hospitali ndiko alikopewa ugonjwa.

Kisha ghafla akatulia. Kila asubuhi anameza mbele yangu, anakunywa maji, anafuta mdomo. Mke mwingine angeshukuru Mungu. Lakini mimi, Baba, wenzangu walipojifunza kushona, mimi kwa miaka ile nilijifunza kumsikia mtu anayekwenda chooni. Hakuna anayenishinda katika hilo Rungwe nzima. Jumamosi moja alimeza, nikakaa uani nachambua maharage, nikasikiliza. Jua likapanda. Hakutoka. Chakula cha mchana kikaiva, bado yuko kwenye kiti anasahihisha madaftari. Mtu aliyemeza kidonge cha maji hawezi kukaa kitini hivyo. Nikaenda kuangalia chini ya dirisha la chumbani. Vidonge vilikuwa kwenye matope, vimeyeyuka nusu, na jogoo amevizunguka naye anavishuku.

Nilimuuliza. Akasema, "Baba alivila hivi hivi, akafa. Unataka nami nife?" Na alipofika kwenye neno "unataka" alinitazama kidogo zaidi ya inavyofaa. Kumbe lilikuwa bado limo ndani yake, miaka yote hiyo.

Nilikwenda kwa Mama. Alikuwa anamenya ndizi. Nikamwambia mwanao ameacha dawa kwa siri, mseme. Hakuinua kichwa. Akasema, "Na baba yake aliacha." Nikauliza aliacha nini. Akasema, "Vile vya mikojo. Siku ulipoanguka. Alisema, yule mtoto wa watu ataumia fijo, ataumia sana, kwa ajili ya mikojo yangu mimi mzee. Akaviacha. Nikamsihi, akakataa."

Nikasema, Mama, na ulijua? Watu walipokataa chakula changu, ulikuwa unajua? Akaendelea kumenya. "Alinikataza. Alisema ukijua utajiona wewe ndiye uliyemwua. Alisema, heri waseme wao kuliko ajisemee mwenyewe."

Baba, nitakuambia ukweli, sikulia. Nilikasirika. Nilimkasirikia Mama, aliyekuwa na neno moja tu la kunisafisha akalikalia. Nilikukasirikia wewe. Ulinihurumia, lakini hukujua huruma yako ingeniletea nini. Uliondoka ukidhani umenipunguzia mbio, ukaniachia kushukiwa na ukoo mzima. Nilikwenda kwenye chai nikachuma mpaka vidole vikawa vyeusi, sikumsalimia mtu. Kulia kulikuja baadaye, nikiwa naosha sufuria tu.

Lakini hasira haimezeshi mtu dawa. Nilijua sasa kitu ambacho kingemrudisha mwanao hospitali: baba yake hakuuawa na vidonge, aliuawa na kuviacha. Na nilijua vilevile kwamba kukisema ni kumpa Tulinagwe kile alichokitafuta siku zote. Atasema, basi ni yeye, tulisema sisi. Nilikaa na neno hilo kooni wiki nzima. Baba Lugano akaanza kuvua viatu akipumzika kila baada ya kufunga darasa, na soksi zikawa zinaacha mstari mguuni. Mstari ule niliujua. Niliona ulikoishia.

Jumapili Tulinagwe alikuja baada ya ibada. Mama alikuwepo. Baba Lugano akalalamikia miguu, na dada yake akamwambia afadhali aachane na vidonge vya hospitali, akatafute dawa ya mizizi Kyela, yuko mtu huko. Nikapiga moyo konde. Nikasema baba yenu hakufa kwa dawa. Alikuwa amezitupa. Alizitupa kwa sababu mimi nilikuwa namkimbia kila alipokwenda chooni, na nilianguka, akanionea huruma.

Tulinagwe akasema, "Kwa hiyo unakubali."

Ndipo Mama akafungua mdomo. Mama unamjua, hapandishi sauti. Alisema, "Mimi nilikuwepo. Nilivipokea mkononi mwake, nikavifukia mwenyewe kwenye shina la mgomba. Kama kuna aliyemficha mwenzake, ni mimi. Mwacheni huyu." Tulinagwe akatazama mikono yake. Hakuomba msamaha, na mimi sikumngoja aombe. Ana maumivu yake, alikuwa mtoto wako wa kwanza.

Baba Lugano akasema, "Leteni maji." Akaenda chumbani akarudi na vidonge, akaviweka mdomoni, akameza. Nami nikamwambia afungue mdomo nione. Mbele ya mama yake na dada yake, mwalimu mzima, akaufungua. Akainua hata ulimi.

Kesho yake tulikwenda hospitali pamoja. Wale wa kukaa kimya tumeshakuwa wengi, nikaamua mimi ndiye nitakayesema. Nikamwambia nesi habari ya darasa, nikamwambia kizunguzungu, na yale ya chumbani nikayasema pia, Baba Lugano akiangalia dari. Yule nesi hakucheka. Alisema kile cha moyo daktari atakibadilisha. Kizunguzungu, asiinuke kwa ghafla, akae kwanza ukingoni mwa kitanda. Na kile cha maji akauliza, "Mwalimu anamaliza kufundisha saa ngapi? Basi akimeze akirudi nyumbani. Si lazima asubuhi. Saa yake inapangwa na mtu mwenyewe na kazi zake."

Baba, nilikuwa nimekaa kwenye benchi, nikayarudia maneno hayo. Saa yake inapangwa. Mchana mimi nilikuwa nakwenda kwenye chai kila siku, sirudi mpaka jua linazama. Ua wote ulikuwa wako. Ungekimeza wakati ule ungekwenda chooni upendavyo, hakuna wa kumkimbiza. Ilihitajika mtu mmoja tu aulize. Lakini nani? Wewe usingeweza kuutaja mkojo wako na mkamwana wako kwa pumzi moja mbele ya nesi. Mimi nisingeweza kukutaja kabisa. Mwanao alikuwa Suma. Heshima ilitujaa sisi wote vinywani.

Siitukani hiyo heshima. Uliyonipa wewe ilikuwa kubwa kuliko niliyokupa mimi. Mimi nilikupa mbio, na wewe ulinipa maisha yako, halafu ukakataza nisiambiwe. Sijui nikushukuru vipi kwa zawadi ambayo ningeikataa kwa mikono miwili. Ndaga, Baba. Ndaga fijo, asante sana. Natamani ungeniacha nikimbie.

Lugano ametaja msichana wa watu, wa hapa hapa Kawetele. Atakuja kuishi uani, na atafundwa kwao kumkimbia Baba Lugano kama nilivyofundwa mimi. Nakuahidi hili, na ukoo ukinuna na unune: siku ya kwanza nitamkalisha jikoni nimwambie mkwe wake ni mgonjwa, anameza dawa, atapita mara nyingi. Akipita, ainamishe kichwa kama anataka, lakini asinyanyuke pale alipo. Na choo tumeanza kuchimba kingine, upande wa juu. Hilo nalo nalisimamia mwenyewe, maana fundi aliyeletwa simwamini.

Ulale kwa amani, Baba. Uvimbe wa miguu ya mwanao umeanza kupungua. Kila siku akirudi shuleni anameza mbele yangu, kisha namsikia anatoka, anarudi, anatoka, na mimi nakaa palepale.

Jambo la mwisho. Mimi naujua mgongo wako, najua mwendo wako, sura yako siijui. Hata siku ya kukuaga nilipita nimeinama. Lakini watu wote wanasema Baba Lugano ni wewe mtupu. Kwa hiyo akishameza, akishafungua mdomo nikaona hamna kitu, huwa naendelea kumtazama. Yeye anadhani bado namshuku.

Mkamwana wako,
Mama Lugano